Mji wa Guangzhou tunaoupita bila kuuona (niliyoongea na vijana wa Kariakoo)

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana wote. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Walioandaa kikao hiki waliniita nije niongee biashara ya China, vitu kama soko gani lina mzigo wa jumla na kontena linajazwaje, na hayo jamani nimeshayaongea sana, hata kwenye magrupu ya wotsap yapo. Kwahiyo nikawaomba leo wanipe ruhusa niongee kitu ambacho mimi mwenyewe kimenichukua miaka kukijua, nacho ni mji wenyewe. Guangzhou. Mji ambao mzigo wake umepangwa kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, watoto wetu wanavaa vya kule, sisi wenyewe tunakalia viti vya kule, halafu ukimuuliza mtu aliyeenda mara 15 kwamba Guangzhou ni mji gani, atakwambia majina ya masoko basi.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Naujua mji kama mtu anavyoijua stendi, unashuka uwanja wa ndege, teksi mpaka Xiaobei, unalala, asubuhi Sanyuanli, mchana Baima kwenye nguo pale karibu na stesheni ya reli, jioni unahesabu mabando, siku ya 10 umerudi. Ila kuna safari moja mzigo ulichelewa kiwandani siku 3, nikawa sina pa kwenda, na mvua ya kule ikinyesha inanyesha kweli, nikaingia kwenye makumbusho moja nzuri sana iko upande wa bustani ya Yuexiu, hata mbali na Xiaobei siyo. Ni kaburi la mfalme. Mafundi walikuwa wanasawazisha kilima mwaka 1983 wajenge nyumba, wakakuta mawe makubwa yamepangwa, kumbe chini kuna mfalme amelala miaka 2,100 na hajaguswa na mwizi hata mmoja. Kavikwa suti ya vipande vya jiwe la kijani, jade, zaidi ya vipande 2,000 vimeshonwa kwa uzi wa hariri nyekundu. Nikaangalia, nikashangaa, nikawa natembea zangu. Halafu nikafika kwenye kabati moja nikasimama.

Pembe za ndovu. Nzima, 5, zimeoza oza lakini unaona kabisa ni pembe. Wataalamu wao wenyewe walizipima wakasema hizi hazifanani na za tembo wa Asia, zinafanana na za tembo wa Afrika. Na pembeni kuna kikopo cha fedha cha mtindo wa Uajemi, na kitu kama ubani, ubani huuhuu mnaoujua ninyi unaotoka pande za Somalia na Oman. Sasa jamani fikirieni, huyu mfalme kafa zaidi ya miaka 100 kabla ya Nabii Issa kuzaliwa. Mimi nimetoka Dar na pochi yangu ya dola nadhani sisi ndo wa kwanza kwenda kule, kumbe bidhaa ya bara letu ilishafika kule zamani hizo, imepita mikono sijui mingapi, mpaka ikazikwa na mfalme wa Kichina. Siku ile ndo nikaanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza: kwanini pale? China ni kubwa, kwanini mzigo wote wa dunia uende kwenye kona ile ya kusini? Jibu ni mto. Ukitaka kuielewa Guangzhou anza na maji, ukianza na maduka utapotea.

Wale wenyeji wanauita Zhu Jiang, maana yake mto wa lulu. Hadithi yao inasema kuna mfanyabiashara mgeni alikuwa na lulu, ikamponyoka ikaingia mtoni ikageuka jiwe, na kweli kulikuwa na jiwe kubwa katikati ya mto likiitwa jiwe la lulu, siku hizi limeshamezwa na nchi kavu. Napenda sana kwamba hata jina la mto wao lina mgeni ndani yake. Sasa huo mto siyo mmoja, ni mito 3 inakutana, mmoja unatoka magharibi na huo ndo mrefu, zaidi ya kilomita 2,000, mwingine kaskazini, mwingine mashariki, inakutana pale inachanika vipande vipande kama Rufiji inavyofanya kule Mafia ikiingia baharini. Nani hapa ametoka Rufiji? Haya, wewe unanielewa. Delta. Mto unaleta tope, tope linajenga ardhi, ardhi inakuwa shamba la mpunga, na njia za maji zinaingia kila kijiji, kwahiyo mtu wa ndani kabisa ana hariri yake au chungu chake anakiweka kwenye mtumbwi kinashuka mpaka mjini bila kupanda mlima hata mmoja. Na mjini kinakutana na chombo cha baharini. Hapo ndo soko linazaliwa, halihitaji serikali kulizindua.

Kaskazini ya mji kuna mlima Baiyun, maana yake mawingu meupe, siyo mrefu, mita 382 tu, ila unaukinga mji mgongoni. Ukisimama pale juu unaona milima nyuma na maji mbele, na zamani hiyo milima ya kaskazini ilikuwa inawatenganisha na wafalme wao waliokaa mbali kabisa juu huko, kwahiyo watu wa Guangzhou wakazoea kuangalia baharini kuliko kuangalia ikulu. Mpaka leo wana Kikantoni chao, ambacho mtu wa Beijing asipokijifunza hakielewi. Hong Kong iko kusini mashariki kama kilomita 120 tu, na hapo katikati kuna Dongguan, Shenzhen, upande wa pili Foshan, Zhongshan, Zhuhai mpaka Macau, miji imeshikana. Ukiagiza vigae au fanicha unapelekwa Foshan, ukiagiza vitu vya simu unapelekwa Shenzhen, wewe unasema nimeenda Guangzhou, kumbe umetembea delta nzima. Mstari wa tropiki ya Kansa unapita pale kaskazini ya mji, ndiyo maana joto lake la Julai linafanana na la hapa Februari, jasho mwanzo mwisho, na mwezi wa 3 mpaka wa 4 kuna kipindi unyevu unakuwa mkali mpaka kuta zinatoka maji, nguo hazikauki. Anayeleta mzigo wa ngozi kipindi hicho aufungashe vizuri, utapata ukungu.

Sasa kuna kitu kimoja watu wa pwani tunatakiwa tukielewe kuliko mtu yeyote. Upepo. Sisi tunajua kaskazi na kusi. Kaskazi linawaleta wenzetu wa Arabuni na majahazi, kusi linawarudisha. Basi na kule Guangzhou ni hivyohivyo, kipindi cha baridi upepo unatoka kaskazini mashariki unasukuma vyombo kwenda kusini, kipindi cha joto unageuka unavileta. Ni mfumo uleule mmoja, bara la Asia likipoa linapuliza, likipata moto linavuta. Babu zetu wa Lamu na Kilwa na mabaharia wa Guangzhou walikuwa wanasubiri kalenda ileile bila kujuana.

Haya, historia. Mwaka 214 kabla ya Kristo jeshi la Qin, huyu mfalme wa kwanza aliyeiunganisha China, likashuka kusini likateka eneo lile, mji ukaitwa Panyu, na jina hilo lipo mpaka leo ni wilaya mle ndani ya Guangzhou. Qin ilipoanguka, jenerali wake mmoja Zhao Tuo akasema basi huku mimi ndo mfalme, akaanzisha dola ya Nanyue, na huyu niliyemkuta kaburini ni mjukuu wake. Mwaka 111 kabla ya Kristo wakubwa wa kaskazini wakarudi wakaichukua. Jina la Guangzhou lenyewe limekuja mwaka 226. Hilo jina la Canton, ambalo Wazungu wanauita mji huohuo, ni la Wareno, walisikia jina la jimbo, Guangdong, wakalitamka walivyoweza.

Mkienda mtaa wa Beijing Lu, mlemle Guangzhou, ule wa kutembea kwa miguu wenye maduka ya nguo, katikati ya barabara kuna kioo chini, watu wengi wanapita wanaangalia bei tu. Angalieni chini. Kuna barabara za zamani, tabaka 11 moja juu ya nyingine, kuanzia zama za Tang. Yaani kila utawala ulikuja ukaweka barabara yake palepale, hawakuhama, maana mto uko pale na biashara iko pale.

Enzi za Tang sasa, karne ya 7 mpaka ya 10, ndo Waarabu na Waajemi walijaa. Waliuita mji Khanfu. Mwaka 714 tayari serikali ina ofisa wake wa kusimamia biashara ya meli pale, ushuru, ukaguzi, kila kitu, yaani kastamu. Wageni walikuwa na mtaa wao, Wachina waliuita fanfang, mtaa wa wageni, wana kadhi wao na misikiti yao na wanahukumiana wenyewe. Na msikiti wa Huaisheng upo hadi leo. Wenyeji wanaamini ulijengwa na sahaba, Saad bin Abi Waqqas, wanahistoria wanasema hapana, ni wa baadaye, ila kwamba ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa China nzima hapo hakuna ubishi. Una mnara wa mita 36, umepigwa chokaa mweupe hauna pambo, zamani ulikuwa unawashwa taa juu kuonyesha meli njia. Na kuna mwandishi wa enzi za Song, utawala uliokuja baada ya Tang, ameandika kitu kilichonigusa sana, kwamba kila mwaka mwezi wa 5 na wa 6 kwa hesabu yao, wageni walikuwa wanapanda juu ya mnara alfajiri wanamuita Mungu wanaomba upepo. Wanaomba upepo wa kuleta meli zao! Sasa mtu yeyote aliyewahi kusubiri kontena bandarini anaijua ile dua.

Leo ukisimama pale mnarani huuoni mto, uko mbali kidogo. Ni tope. Mto umejaza, mji umekuwa ukiufuata kusini kila karne.

Ila msidhani yalikuwa maisha ya raha tu. Mwaka 758 Waarabu na Waajemi wenyewe waliuvamia mji wakachoma maghala wakakimbilia baharini. Halafu mwaka 879 akaja muasi mmoja anaitwa Huang Chao, akauzingira mji akauteka, akawachinja wageni, Waislamu, Wakristo, Wayahudi, Wazoroasta wa ile dini ya kale ya Uajemi, mwandishi wa Siraf, bandari ya Uajemi, aliyeandika habari hizo alitaja watu 120,000. Wanaojua hesabu za zamani wanasema namba huenda imekuzwa, lakini hata ukigawa kwa 10 bado ni msiba mkubwa mno. Biashara ikahamia Malaya huko kwa muda mrefu. Nalitaja hili kwa makusudi, nitarudi.

Na kipindi hichohicho, karne ya 9, vipande vya vyombo vya Kichina vinafika kwetu. Vimechimbuliwa Manda na Shanga kule Lamu. Baadaye mnajua wenyewe, makaburi ya pwani yamepachikwa sahani na mabakuli ya Kichina. Hapo watu huwa wananikatiza wananiambia Zheng He, yule jenerali wa meli za mfalme wa China, na twiga wa Malindi wa mwaka 1415, sawa, ni kweli twiga alienda, lakini zile meli za Zheng He zilijengwa na kupangwa upande wa mji wa Nanjing, mbali na Guangzhou. Njia ya Guangzhou ni ya watu wa kawaida wa biashara, haina jenerali, ndo maana haijaandikwa sana, ndo maana naipenda.

Kuna jambo zito pia nalisema kwasababu hadithi ya urafiki tu haitoshi. Mwandishi mmoja wa Kichina, mwaka 1119, ameandika kwamba matajiri wa Guangzhou walikuwa wanamiliki watumwa wageni, weusi kama wino, wenye nguvu za kubeba mizigo mizito. Wasomi wanabishana walitoka wapi hasa, wengine wanasema visiwa vya kusini mashariki ya Asia, wengine wanasema wamo wa kwetu waliouzwa na Waarabu. Mimi nikiwa nabeba bando langu Sanyuanli huwa nawakumbuka hao. Hawakuandikiwa majina.

Sasa tufike kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na naomba mnisikilize vizuri kwasababu kinawahusu ninyi wafanyabiashara moja kwa moja. Mwaka 1757 mfalme Qianlong akaamua kwamba Wazungu wote wanaokuja kwa meli watafanya biashara bandari moja tu China nzima. Guangzhou. Ikawa hivyo mpaka 1842. Miaka 85! Karibu kila kikombe cha chai kilichonywewa London kilipita pale, hariri, vyombo vya kauri, vyote pale. Na masharti yake ndugu zangu, Mzungu haruhusiwi kuingia ndani ya ukuta wa mji, anakaa kwenye kistari cha majumba 13 pembeni ya mto, haruhusiwi kuja na mke, haruhusiwi silaha, haruhusiwi kununua kwa mtu yeyote isipokuwa kwa wafanyabiashara maalum waliopewa leseni, msimu ukiisha anaondoka anaenda kusubiri Macau. Meli kubwa hazifiki mjini, zinaishia Huangpu, kilomita kama 20 chini ya mto, mzigo unahamishwa kwa vyombo vidogo. Na Mchina haruhusiwi kumfundisha mgeni Kichina. Siyo utani, mwaka 1759 Mwingereza mmoja James Flint alijifunza lugha akapeleka malalamiko kule juu kwa mfalme, yeye akafungwa miaka 3 Macau, na Mchina aliyemsaidia kuiandika ile barua akauawa kwa amri ya serikali.

Mnaona kinachoendelea? Anayeshika lugha na anayeshika leseni ndo anayeshika bei. Wale wafanyabiashara wa leseni walitajirika balaa, mmoja Wazungu walimuita Howqua, jina lake Wu Bingjian, mwaka 1834 mali yake ilikadiriwa dola milioni 26, katika matajiri wakubwa wa dunia nzima wakati ule. Na kila mtu anayemsifia alisema neno lake ni neno, hakuandikishana sana. Leo mkifika sokoni mnakutana na mtu wa katikati, mkalimani, ajenti, anachukua cha kwake hapa na cha kwake pale, mnalalamika. Mjue tu hiyo kazi kwenye mji ule ina miaka mamia, na dawa yake haijabadilika, jifunze lugha. Mimi nilivyojua kuhesabu na kuuliza bei kwa Kichina tu, ile bei ya kwanza niliyotajiwa ilishuka palepale.

Tatizo la Waingereza lilikuwa hivi, China inauza chai inataka fedha, ile madini ya fedha yenyewe, haitaki bidhaa zao. Fedha ikawa inatoka Ulaya inaishia Guangzhou. Wakatafuta cha kuuza wakapata afyuni, dawa ya kulevya, inalimwa India chini ya utawala wao, inaingizwa China kwa magendo kupitia mdomo wa mto uleule. Sasa fedha ikageuka ikaanza kutoka China, na watu wanaharibika, askari, maofisa, vibarua. Machi 1839 akafika mtu aliyetumwa na mfalme, Lin Zexu. Huyu mtu alikuwa hahongeki. Akawazingira wale wageni kwenye majumba yao 13 mpaka wakatoa masanduku zaidi ya 20,000 ya afyuni, akaenda Humen, pale mto unapobana kabla ya kuingia baharini, akachimba mashimo makubwa, chumvi, chokaa, maji, kuanzia tarehe 3 Juni inayeyushwa na kusukumwa baharini, siku 23. Nimeenda Humen. Tuna vijana hapahapa mjini tumewazika kwasababu ya unga, kwahiyo niliposimama pale sikusimama kama mtalii.

Waingereza wakaleta manowari. Vita, China ikashindwa, mkataba wa Nanjing 1842, Hong Kong ikachukuliwa, bandari 5 zikafunguliwa kwa nguvu. Na wanavijiji wa Sanyuanli, Mei 1841, wakulima tu na majembe na mikuki, waliwazingira askari wa Kiingereza kwenye mvua bunduki zikalowa. Sanyuanli hiyohiyo! Pale tunapogombania mikoba kuna mnara wa kumbukumbu yao.

Baada ya hapo mji ukashuka, Shanghai na Hong Kong zikaunyang'anya biashara. Yale majumba 13 yaliungua mwaka 1856, Waingereza na Wafaransa wakajiwekea kisiwa kidogo cha Shamian, sehemu nne kwa tano Muingereza, moja Mfaransa, majumba yao bado yapo na miti mikubwa ya kivuli, ukitaka kupumzika nenda pale. Hayo mengine napita haraka: 1911 mashujaa wa mapinduzi waliuawa, 72 wakazikwa Huanghuagang, Sun Yat-sen aliyewaongoza kuangusha ufalme ni mtoto wa delta ileile, 1924 kikafunguliwa chuo cha kijeshi pale kisiwa cha Changzhou, mkuu wake Chiang Kai-shek na idara ya siasa akaishika kijana mmoja Zhou Enlai, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu wa China na akaja hapa Dar kuonana na Mwalimu Juni 1965. Wajapani wakaukalia mji 1938 mpaka 1945. Wakomunisti wakaingia Oktoba 1949.

Na hapo ndo linakuja swali zuri, kwanini mwaka 1957, China imefungwa, Marekani imeiwekea vikwazo, maonyesho makubwa ya biashara yakaanzishwa Guangzhou na siyo Shanghai, siyo Beijing? Kwasababu Hong Kong ilikuwa hapo jirani, na kwasababu Wachina walioko nje ya nchi wengi asili yao ni Guangdong, na kwasababu mji ulishazoea wageni. Canton Fair imefanyika kila mwaka tangu hapo, mara 2, Aprili na Oktoba, siku hizi iko Pazhou. Ilipofika 1978 kiongozi wao Deng Xiaoping akafungua milango, viwanda vikaota kwenye yale mashamba ya mpunga ya delta. Sensa ya 2020 imehesabu watu zaidi ya milioni 18 Guangzhou peke yake. Mnara wa Canton mita 600, treni za chini kila kona. Na katikati ya maghorofa bado kuna vijiji vya zamani vimezungukwa, nyumba zimebanana mpaka majirani wanaweza kupeana mikono dirishani, na kule ndo wanaishi wanaokushonea.

Waafrika tukaanza kujaa kuanzia miaka ya 90 mwishoni, Xiaobei kwa Waislamu wengi na watu wa Afrika Mashariki na Magharibi, Sanyuanli Wanaijeria. Ijumaa mkaswali kwenye msikiti wa Xianxian, palipo kaburi linalosemekana ni la Saad, uone mataifa. Kwangu mimi ile ni fanfang imerudi. Na kama fanfang ya zamani, ina mabaya yake. Aprili 2020 wakati wa corona Waafrika walitolewa majumbani na mahotelini, watu wana kodi wamelipa wanalala nje kwenye baridi, mabalozi wa Afrika kule Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Nilisema nitarudi kwenye habari ya 879, ndo hapa. Simaanishi ni sawa, hakuchinjwa mtu. Namaanisha mji wa bandari unamkaribisha mgeni akiwa na biashara, na siku hofu ikiingia mgeni ndo wa kwanza kuguswa. Kwahiyo viza yako iwe safi, namba za simu za ubalozi ziwe kwenye karatasi na siyo kwenye simu tu, na uwe na Mchina mmoja angalau anayekujua kwa jina, siyo kwa oda.

Kuna kijana ameuliza hapa kwa karatasi kama mimi nina undugu wowote na mji ule, maana naongea kama mwenyeji. Nijibu hilo tumalize, muda wa swala umekaribia. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA upande wa Mlimba, miaka ile ya 70, kwenye madaraja na mahandaki. Alifanya kazi na mafundi wa Kichina miaka, anakumbuka mpaka nyimbo zao. Wengi wa wale mafundi walipandia meli Guangzhou, bandari ya Huangpu, mpaka Dar. Safari yangu ya mwisho nilienda Huangpu kwa ajili yake, nikasimama ukingoni nikampigia video, nikamgeuzia simu aone mto, matishari yanapita, maji ya kahawia. Akaangalia kimya muda mrefu, akawa anataja majina ya watu. Halafu akaniuliza kama maji yale ni ya chumvi. Nikamwambia yanachanganyika baba, bamvua likija bahari inapanda mpaka mjini, likitoka mto unashuka. Akasema basi kaa hapo kidogo, uyaangalie yakigeuka. Nikakaa.